Kijana aliyetia maziwa ya moto kwenye friji

Jirani yangu wa Tandika anauza barafu. Sisemi zile za kupozea samaki. Nasema hizi za ubuyu na ukwaju, za vifuko vyembamba, ambazo mtoto akitoka shule huzing'ata pembe na kuzinyonya mpaka rangi yote iishe, kibaki kipande cheupe kisicho na ladha. Kila jioni mama huyu huchemsha sufuria la ubuyu, huliacha barazani lipoe, kisha hukaa na upawa mkononi akilinda paka. Kwenye saa mbili na nusu ndipo hujaza vifuko. Wiki chache zilizopita nilimwamkia, nikavuta kigoda, nikamuuliza kwa nini asijaze ubuyu ukiwa bado wa moto, akalale mapema.

"Mwanangu, utaniulia friza," akasema. "Kitu cha moto hakiingii mle. Na umeme utakaoliwa nani atalipa, wewe?"

Amri hiyo naijua tangu utoto. Sidhani kama Temeke nzima, au Kinondoni, kuna nyumba yenye friji isiyokuwa nayo. Pilau lisubiri, mchuzi usubiri, maji ya kunywa yaliyochemshwa yasubiri. Mwaka 1963, huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliivunja. Hakuivunja kwa ajili ya sayansi. Aliivunja kwa sababu alitaka aiskrimu na nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha. Leo jina lake linaandikwa kwenye kazi za wanafizikia wa Italia, Canada, Austria na Israel, watu ambao ukiwauliza Lushoto iko wapi, wengi wataomba kwanza ramani.

Nobel ya fizikia Tanzania haijaipata. Ile ya fasihi tunajivunia kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyeipata mwaka 2021 akiwa Uingereza. Upande wa fizikia tunalo jina la kijana huyo, Erasto Mpemba, na jina hilo limefika mahali ambapo washindi wengi wa tuzo hawajafika: limekuwa neno. Mwanafizikia wa Trieste, Italia, akisema "Mpemba" hamaanishi mtu tena, kama vile fundi umeme wa Keko akisema "volti" hamkumbuki Alessandro Volta. Wahenga walisema Wapemba hujuana kwa vilemba. Huyu wa kwetu anajulikana kwa barafu.

Kisa chenyewe alikiandika mwenyewe, na uzuri wake uko kwenye mambo madogo. Shule ya Sekondari Magamba ilikuwa huko Lushoto, juu ya milima ya Usambara, mkoani Tanga. Wavulana wa pale walikuwa na mchezo wao: hununua maziwa kwa akina mama wa vijiji vya jirani, huyachemsha, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyamimina kwenye trei na kuyaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Trei zilikuwa chache na walaji wengi. Siku hiyo Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake mwenzake alipomwona. Mwenzake akapiga hesabu za haraka. Akatia sukari kwenye maziwa mabichi, hakuyachemsha kabisa, akakimbilia friji. Mpemba naye akaona kwamba akisubiri yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayatia yakiwa ya moto, liwalo na liwe kwa friji ya shule.

Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili. Maziwa ya moto yalikuwa yamegeuka aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alikuwa na umri wa miaka 13 hivi, akaamini. Hapa sina hamu ya kumsulubu mwalimu. Darasani tulifundishwa wote kwamba kilicho cha moto lazima kwanza kipite kwenye joto la kile cha baridi ndipo kigande, kwa hiyo hakiwezi kukitangulia. Ni hoja safi, na ningekuwa mimi ningetoa jibu lile lile, pengine kwa ukali zaidi. Kilichonigusa mimi ni kilichofuata likizo. Mpemba alikwenda Tanga mjini, akakutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Rafiki huyo alimweleza bila kushangaa kwamba yeye huweka mchanganyiko wake kwenye friji ukiwa wa moto, ili ugande upesi. Mpemba akaulizia kwa wengine wa biashara hiyo pale mjini, akakuta nao hufanya hivyo hivyo.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Kwa mafundi wa aiskrimu wa Tanga lile halikuwa fumbo. Ilikuwa njia ya kuwahi wateja. Walichokosa si ujuzi, walikosa sababu ya kumweleza mtu yeyote nje ya kazi yao, na hakuna aliyewafuata na kalamu.

Alipofaulu, Mpemba alichaguliwa kwenda Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, pale ambapo leo pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huko walianza na mada ya joto, na ikafika kanuni ya Newton ya kupoa. Akainua mkono na kuuliza tena swali lake. Mwalimu wa safari hii hakuishia kusema haiwezekani. Alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa muhula mzima. Akikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba. Akikosea chochote, ni cha Mpemba. Anayekumbuka maisha ya bweni anajua utani wa namna hiyo unavyochosha.

Alasiri moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Alichukua bika mbili za mililita 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazisukumia kwenye friji ya maabara. Alipozitazama saa moja baadaye, ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Dk. Denis Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Chuo chenyewe kilikuwa bado kichanga. Kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Muda wa maswali ulipofika Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kipimo kimoja, kimoja kwenye nyuzijoto 35 na kingine kwenye nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wanafunzi walicheka. Osborne alimwomba arudie swali, akamuuliza kama amelijaribu kwa mkono wake. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akakiri hajui, akaahidi kwamba akifika Dar es Salaam atalijaribu. Baadaye wanafunzi wenzake walimlaumu Mpemba kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni.

Ahadi hiyo ililipwa Mlimani, ambako leo, baada ya wilaya ya Kinondoni kugawanywa, ni Ubungo. Kuna jambo Osborne alilisimulia mwenyewe ambalo linastahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila maabara nchini. Alimwagiza fundi mmoja kijana wa maabara afanye jaribio. Fundi akarudi na taarifa: yale ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, Physics Education. Kurasa zenyewe hazifiki tano. Nusu ya kwanza ni ya Mpemba: maziwa, friji, kicheko. Nusu ya pili ni ya Osborne: vipimo. Walitumia sentimita za ujazo 70 za maji kwenye bika ya 100, wakaikalisha juu ya ubao wa povu la plastiki, lile linalofungiwa runinga mpya dukani, ili joto lisipitie chini. Maji yaliyoanza kwenye nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kuanza kuganda. Yaliyoanza kwenye nyuzi 90 hivi yaliwahi kuliko yote. Walipomwaga tabaka jembamba la mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa nyingi, dalili kwamba joto lilikuwa likitorokea juu. Walikadiria pia maji yanayopotea kwa mvuke, wakaona hayatoshi kueleza jambo lote.

Mwaka huo huo wa 1969, huko Ottawa, Mcanada George Kell alichapisha makala ya jambo hilo hilo bila kujua habari za Magamba. Na wala halikuwa jipya duniani. Aristotle aliandika kwamba watu wa Ponto, wakipiga kambi juu ya barafu kuvua samaki, huzungushia maji ya moto mianzi yao ili yagande upesi na kuishikilia. Francis Bacon alilitaja, Descartes alilitaja mwaka 1637. Kumbe hata Aristotle alilichota kwa wavuvi. Ukifuata mkondo wa kisa hiki kurudi nyuma, kila mara mwisho wake unakuta mtu wa kazi za mikono, amesimama na ndoo.

Sasa, je, ni kweli? Hapa msomaji anastahili kuambiwa wazi: kwa maji ya kawaida, wataalamu hawajakubaliana mpaka leo.

Sababu zilizopendekezwa ni nyingi na kila moja ina akili. Maji ya moto hupoteza kiasi kwa mvuke, kwa hiyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Maji ya moto huzunguka zaidi ndani ya chombo, ule mwendo tulioufundishwa shuleni kwa jina la myuko, hivyo joto hupandishwa juu na kutoka haraka. Kuchemsha huondoa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji mengine hushuka chini ya sifuri bila kuganda, yakikosa pa kuanzia, na huenda yaliyokuwa baridi hukaa katika hali hiyo muda mrefu zaidi. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora. Watu zaidi ya 22,000 walishiriki. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Croatia, na aliyemtangaza ni Mpemba mwenyewe. Nakiri nilicheka kidogo nilipoisoma habari hiyo. Fumbo la friji ya Magamba, zawadi Zagreb.

Miaka minne baadaye Henry Burridge na Paul Linden, wa vyuo vya Imperial na Cambridge, walimwagia maji baridi wote, tena kwa vipimo makini. Walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba ukikosea kuweka kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini, unaweza kupata "ushindi" ambao haupo.

Nami nikajaribu. Si utafiti huu, ni ubishi. Nilichukua vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, kimoja nikatia maji ya mtungini, kingine maji yaliyotoka kuchemka, nikapewa kona ya friza ya jirani kwa sharti kwamba ikiharibika namnunulia mpya. Siku ya kwanza ya baridi yalishinda. Siku ya pili yakashinda tena, na jirani akaanza kunitazama kwa huruma. Siku ya tatu umeme ulikatika. Siku ya nne ya moto yakafanya utando wa barafu kwanza, nikapiga kelele, mpaka nilipokinyanyua kikombe: joto lake lilikuwa limeyeyusha theluji iliyoshikana kwenye sakafu ya friza, kikombe kikazama na kugusa bati lenyewe la kupozea, wakati mwenzake alikuwa bado amekaa juu ya theluji kama aliyekaa juu ya godoro. Kumbe hiyo nayo ni moja ya sababu zinazotajwa, na ndiyo maana Osborne alitumia ule ubao wa povu.

"Kwa hiyo umegundua nini?" mama akaniuliza.

Nikamwambia nimegundua friza yake inahitaji kuyeyushwa theluji.

Kama kisa kingeishia hapo, Mpemba angebaki hadithi ya kuchangamsha darasa. Kilichotokea ni kwamba wanafizikia wa nadharia walilichukua swali na kulitoa kwenye maji. Hawa ni watu wasiogusa bika. Kazi yao ni ubao, chaki na hesabu, wakitafuta kanuni iliyo chini ya mambo mengi yanayoonekana hayana undugu. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz, wakiwa Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba katika mifumo fulani kabisa cha moto kinaweza kukitangulia cha baridi, na kwamba kinyume chake pia kinawezekana, cha baridi kikawahi kupata moto. Hakuna muujiza wala kanuni ya asili iliyovunjwa.

Nitajaribu kuieleza kwa barabara zetu. Sema lengo ni kufika Posta, na joto ni umbali uliobaki. Mkaazi wa Kimara yuko mbali, mkaazi wa Mwenge yuko karibu. Kwa hoja ya mwalimu wa Magamba, wa Kimara hawezi kumtangulia wa Mwenge, kwa sababu kilomita zake ni nyingi. Lakini wa Kimara amepanda mwendokasi, ana njia yake peke yake. Wa Mwenge yuko kwenye daladala, foleni imemshika Morocco. Anayehesabu kilomita tu hatamwelewa kamwe aliyefika kwanza. Lu na Raz walisema kwamba kitu kinachopoa haraka hakielezwi na namba moja ya joto. Ndani yake mna njia kadhaa za kupoa, nyingine za haraka, nyingine za foleni, na pale cha moto kilivyoanzia huenda pakakiepusha kabisa na njia ya foleni. Hoja ya mwalimu ilikosea katika neno moja: alidhani cha moto kikishuka mpaka joto la cha baridi kinakuwa kitu kile kile. Hakiwi. Kimepitia kwingine.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walilithibitisha kwa mkono. Walichukua chembe ya kioo isiyoonekana kwa macho, wakaiweka majini, wakaibana kwa mwanga wa leza na kuichorea mabonde ya nishati ya kutulia. Walirudia mara nyingi sana. Chembe iliyoanza "moto" zaidi ilitulia mapema, kama hesabu ilivyotabiri. Kazi hiyo ilitoka katika jarida la Nature. Kisha swali likaingia kwenye kwantamu, ulimwengu wa atomu na vilivyo vidogo kuliko atomu. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walionyesha kwamba mfumo wa kwantamu uliovurugwa zaidi ulinganifu wake unaweza kuurejesha mapema kuliko uliovurugwa kidogo. Mwaka uliofuata jambo hilo likaonekana kwenye maabara ya Innsbruck, Austria, kwa ayoni zilizoshikiliwa na umeme, na wenzao wa taasisi ya Weizmann, Israel, wakaonyesha ule upande wa kinyume. Yote yanaitwa Mpemba. Mwalimu wa Mkwawa aliposema fizikia ya Mpemba alikuwa anamdhihaki mtoto. Sasa ndilo jina la somo.

Calabrese na wenzake walikuwa Trieste, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, na siwezi kupita Trieste bila kumtaja Abdus Salam. Alizaliwa mwaka 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab ambayo sasa ni Pakistan, akasoma Cambridge, na mwaka 1951 akarudi Lahore kufundisha. Hakukuta mtu wa kuzungumza naye fizikia yake. Mkuu wa chuo alimpa kazi za ziada achague moja, akachagua kusimamia timu ya mpira. Mwaka 1954 aliondoka kurudi Uingereza, na jeraha la kuondoka hakulisahau. Ndiyo sababu mwaka 1964 alianzisha Trieste kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, ili mwanasayansi wa nchi maskini aweze kwenda kukaa na wenzake miezi kadhaa, kisha arudi kwao, badala ya kuhama moja kwa moja. Mwaka 1979 alipata Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuonyesha kwamba nguvu ya sumaku-umeme na nguvu dhaifu ya ndani ya kiini cha atomu ni ndugu wa tumbo moja. Fedha ya tuzo aliielekeza kwa wanafunzi. Alifariki mwaka 1996, na kituo kinaitwa kwa jina lake. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina tawi la Afrika Mashariki, Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mtoto wa Mbagala mwenye kichwa cha hesabu anaweza kulifikia kwa basi.

Nawaweka Salam na Mpemba kwenye ukurasa mmoja makusudi. Salam alikuwa na nadharia akakosa wenzake, akajenga nyumba ya kuwakutanisha. Mpemba alikuwa na swali akakosa msikilizaji, mpaka alipopata mmoja kwa alasiri moja. Baada ya hapo njia zao hazikufanana hata kidogo. Makala ya mwaka 1969 ilipotoka, Mpemba hakuwa akisoma fizikia. Alikuwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori, na kazi ya maisha yake aliifanya huko, ofisa wa wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Osborne naye aliiacha fizikia, akaja kuwa balozi wa Uingereza nchini Malawi. Wawili walioipa dunia jina hilo hawakuishi kwa kulifanyia kazi.

Wapo wanaosikitika kwamba alipotea. Mimi sisikitiki sana. Nchi inahitaji pia watu wa kulinda tembo, na hakuna ushahidi kwamba alijiona amepotea. Mwaka 2011 alipanda jukwaani hapa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa TEDxDar, akasimulia kisa chake mwenyewe kwa ucheshi wa mtu aliyekwisha kukisimulia mara elfu. Kinachonikera ni kingine. Nilipanda magari mawili kutoka Tandika mpaka Mlimani, nikasimama chini ya ile miti mikubwa nikiwauliza vijana waliokuwa wakipita na madaftari kama wanamjua Mpemba. Wa kwanza aliniuliza kama namtafuta mtu wa Pemba. Wa pili akafikiri ni mwanasiasa. Wa tatu, binti wa mwaka wa pili, alimjua vizuri sana, na aliposema alimjulia wapi nikanyamaza: kwenye video ya Wahindi ya kufundishia fizikia.

Nilirudi na habari hizo zote kwa jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga vifuko, akaniuliza swali moja tu, yule mwenzake Mpemba aliyetia maziwa mabichi alipata aiskrimu yake au la?

Basi nalihamishia swali kwako msomaji. Kama wewe, au baba yako, au babu yako, alikuwa Magamba mwaka 1963 na anayakumbuka maziwa yale, au alikuwa kwenye darasa lililocheka Mkwawa, au aliuza aiskrimu Tanga mjini miaka ile, au alikuwa yule fundi kijana wa maabara ya Mlimani, tuandikie kupitia dawati la makala la gazeti hili. Waliobaki wanazidi kuzeeka, na jirani yangu anasubiri jibu.